Sukari Husubiri, Ketoni Hazisubiri

Watu wakisikia kwamba paka wangu huchomwa insulini mara mbili kwa siku, swali la kwanza huwa lile lile: hakuumi? Ana meno, ana makucha, na siku akiamua kuyatumia huyatumia. Lakini sindano ya insulini ni nyembamba mno, na Karani huchomwa akiwa ameinamia sahani yake, kwa hiyo mara nyingi hana habari kama kazi imekwisha. Swali la pili huwa la bei. La tatu, hasa likitoka kwa wazee wa mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, huwa si swali bali kicheko: hata paka naye ana sukari! Yote hayo nimeyazoea. Ambacho sijawahi kuulizwa ni hiki: akiamka asubuhi, akanusa samaki wake akaondoka, wewe unafanya nini? Na hapo hasa ndipo ugonjwa huu unapoua.

Karani ni paka shume, amehasiwa zamani, mwenye rangi ya majivu na tabia ya kulalia karatasi yoyote inayoandikwa. Jina lake lilitoka hapo. Kwa miaka mingi alikuwa mnene, na unene wake ulikuwa sifa ya nyumba. Wageni walimpakata wakasema mashaallah, huyu anakula. Kilo saba, mvivu, hatoki nje isipokuwa uani. Madaktari wa mifugo duniani kote wanamjua paka wa namna hiyo: dume aliyehasiwa, mwenye umri, mwenye mwili, ndiye anayeandamwa na kisukari kuliko wenzake. Na kisukari chake kinafanana sana na kile cha watu wazima, ambapo mwili unaacha kuitikia insulini huku kongosho nalo likichoka kuitengeneza.

Aliyeng'amua kabla ya daktari ni shangazi yangu, ambaye tunaishi naye na ana sukari yake mwenyewe ya miaka mingi. Karani alianza kwenda kwenye ndoo ya maji ya udhu. Kinywa cha paka hakinajisi maji, kwa hiyo hakuna aliyemfukuza, lakini alikunywa, akaondoka, akarudi tena kunywa. Mchanga wake wa choo ukawa mabonge matupu. Akawa anakula kwa pupa na mgongo unazidi kuchongoka. Halafu akaanza kutembea vibaya: miguu ya nyuma ikakanyaga chini mpaka kisigino, kama sungura, kwa sababu sukari nyingi ilikuwa imeshaanza kudhuru mishipa ya fahamu. Asubuhi moja Shangazi alisimama uani, akatazama kona aliyokojolea Karani, sisimizi wamejaa. "Mwanangu," akaniambia, "paka wako ana ugonjwa wangu." Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliutambua ugonjwa huu kwa alama hiyo hiyo, mkojo unaovuta sisimizi, karne nyingi kabla ya maabara.

Daktari wa mifugo alimpima, mashine ikasoma milimoli 24 kwa lita. Shangazi aligutuka, maana yeye akifika 15 nyumba nzima huhangaika. Lakini daktari hakuamini namba ile peke yake, na sababu yake ilinifundisha jambo. Paka akitiwa kwenye kikapu, akapakiwa kwenye tuktuk, akafika mahali penye kelele za mbwa na harufu ya dawa, sukari yake huruka juu hata kama ni mzima kabisa. Kwa hiyo alitaka kipimo kingine cha damu, fruktosamini, ambacho kinaonyesha wastani wa sukari ya wiki mbili tatu zilizopita na hakijali hofu ya siku moja. Akapima na mkojo. Figo za binadamu huanza kumwaga sukari kwenye mkojo damu ikifika karibu na 10. Za paka huvumilia mpaka 14 au zaidi. Kwa hiyo paka mwenye sukari kwenye mkojo siku baada ya siku hana tena wa kumsingizia, si kikapu wala tuktuk.

Tulianza na insulini ya binadamu, glajini, ile ile inayouzwa kwenye duka la dawa, yuniti moja asubuhi na yuniti moja jioni. Yuniti moja ni kitone. Ukikitazama ndani ya bomba unaona aibu kukiita dawa. Nilimuuliza daktari kama insulini ya mtu kweli itamfaa paka, akacheka. Tangu Banting na Best walipoipata insulini kule Toronto mwaka 1921, wagonjwa kwa miongo mingi walitibiwa kwa insulini ya ng'ombe na nguruwe, na miili mingi haikulalamika sana kwa kutofautiana kidogo. Insulini ya paka na ya ng'ombe zinapishana mahali pamoja tu katika mnyororo mzima. Glajini yetu haitoki kwa mnyama yeyote. Hutengenezwa na bakteria kiwandani, jambo ambalo Shangazi alitaka kulisikia mara mbili kabla ya kuiruhusu friji ya nyumba kuihifadhi.

Kilichotutia mashakani zaidi ni zawadi. Mpwa wangu anayeishi Muscat alikuja likizo na chupa ya insulini ya wanyama, akidhani ametuokoa. Ilikuwa dawa nzuri, lakini ilikuwa ya nguvu ya yuniti 40 kwa kila mililita, na mabomba yote yaliyomo nyumbani yalikuwa ya insulini ya 100. Alama iliyoandikwa 1 kwenye bomba la 100 haibebi yuniti moja ya dawa ya 40. Inabeba chini ya nusu yake. Ukikosea kinyume chake, ukavuta dawa ya 100 kwa bomba la 40, unampa mnyama mara mbili na nusu ya kipimo chake. Chupa ile tuliipeleka kwa daktari ikiwa haijafunguliwa. Nyumba yenye wagonjwa wawili wa sukari, mmoja binadamu na mmoja paka, haihitaji aina mbili za mabomba kwenye droo moja.

Kupima damu nyumbani kulinitisha kuliko kuchoma. Damu ya paka hutolewa kwenye ukingo wa sikio, pale panapopita mshipa mwembamba unaoonekana ukiweka taa nyuma yake. Sikio baridi halitoi damu. Kwa hiyo unatia mchele mkavu kwenye soksi ya mtoto, unaupasha moto kidogo, unaujaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, halafu unaushikiza sikioni mpaka lipate joto. Unapaka mafuta ya Vaseline kidogo sana ili damu isimame kama ushanga badala ya kuenea kwenye manyoya. Unaweka kipande cha pamba upande wa pili ili usijichome kidole. Unadunga. Unapeleka kijikaratasi cha mashine kwenye ule ushanga, nacho hujivutia chenyewe. Kisha unabana sikio kidogo, damu isivie, na unatoa kipande cha kuku. Kuku ndiye aliyemaliza ubishi wote. Siku hizi nikitoa kile kikoba cheusi cha mashine Karani huja mwenyewe na kukaa.

Mashine ni ya Shangazi. Hizi mashine za watu huwa zinamsomea paka sukari ya chini kuliko ilivyo, kwa sababu katika damu ya binadamu sehemu isiyo ndogo ya sukari imo ndani ya chembe nyekundu, na katika damu ya paka karibu yote imo kwenye maji ya damu. Zipo mashine za wanyama zilizorekebishwa kwa hilo, lakini vijikaratasi vyake hapa kwetu si rahisi kuvipata. Daktari alisema tusihangaike, mradi tusibadilishe mashine leo hii kesho ile. Kosa la mashine yetu linaegemea upande wa usalama: inatuonya mapema sukari inaposhuka. Namba zote zinaingia kwenye daftari la mistari, ukurasa wa kushoto wa Shangazi, wa kulia wa Karani. Kuna siku wanashindana. Shangazi akiona Karani amepata namba nzuri kuliko yake husema paka hajawahi kualikwa kwenye biriani ya arusi.

Daftari hilo ndilo lililompa daktari kazi ya maana. Mwanzoni nilitaka kuongeza dozi kila nilipokuta asubuhi sukari iko juu, akanikataza. Namba ya kabla ya sindano haisemi mengi. Inayosema ni ile ya katikati, saa tano sita baada ya kuchoma, insulini inapofika kilele na sukari inapofika chini kabisa. Ili kuijua unachagua siku moja ya kukaa nyumbani, unapima kila baada ya saa mbili tangu asubuhi mpaka jioni, unachora mstari. Mstari ule wa kwanza wa Karani ulishuka katikati mpaka 8, ukapanda tena. Kumbe dozi ilikuwa ikifanya kazi. Ningeiongeza kwa kutazama asubuhi peke yake, ningemwangusha.

Maana kushuka ndiyo hofu ya kila mtu, na haki yake. Sukari ya paka ikienda chini ya 3.5 hivi mnyama huanza kuyumba, hutazama bila kuona, hulia kwa sauti isiyo yake, na ikiendelea hutetemeka na kuzimia. Asali iko juu ya kabati kwa ajili hiyo, ya kumpaka kwenye ufizi, si ya kumnywesha aliyelegea akapaliwa. Kutokana na hofu hiyo zimezaliwa sheria mbili nyumbani kwetu. Ukichoma ukahisi unyevu kwenye manyoya, hujui dawa imeingia au imemwagika, usirudie. Afadhali akae na sukari ya juu mpaka jioni. Na anayechoma ni mmoja, akishachoma anatia tiki kwenye daftari hapo hapo, ili asije mwingine mwenye huruma akachoma tena.

Saa zetu zilijipanga zenyewe, na hapa naishukuru jiografia. Wanaoishi Ulaya husogezewa saa na serikali, na kaskazini kwao jua huzama mapema mno wakati wa baridi. Mombasa jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Karani huchomwa baada ya sala ya alfajiri kunapopambazuka, na tena adhana ya magharibi inapokaribia: saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili. Mwezi wa Ramadhani ndio mwepesi kuliko yote, watu wako macho na jikoni kuna moto.

Sasa nije kwenye ketoni, ambazo kwa mwaka mzima wa kwanza zilikuwa kwangu jina tu kwenye kichupa cha karatasi nilichoagizwa na daktari ninunue.

Insulini ni kama bawabu anayeifungulia sukari mlango wa kuingia ndani ya chembe za mwili. Asipokuwepo, sukari imejaa nje na chembe ziko na njaa ndani. Mwili unadhani umefika kwenye ukame, unaanza kuyeyusha mafuta yake. Mafuta yanafika kwenye ini kwa wingi, ini linayageuza ketoni. Kidogo si kitu. Hata mtu mzima aliyefunga hutoa ketoni. Zikizidi, damu inageuka asidi. Hapo paka huacha kula, na kwa kuacha kula mafuta yanazidi kuyeyuka. Hutapika, maji yanamwishia, madini yanampotea kwa mkojo, pumzi inakuwa ya haraka. Mdomo wake unaweza kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, ingawa si kila pua inaisikia harufu hiyo. Yangu haiisikii, ya Shangazi inaisikia. Paka wa sukari anaweza kuishi wiki nyingi na sukari ya 20, akidhoofika taratibu. Akiwa na ketoni nyingi hana hizo wiki. Ana saa, labda siku mbili.

Kinachoziamsha mara nyingi si kisukari chenyewe. Ni kitu kingine kilichoingia juu yake: jino bovu, maambukizi ya njia ya mkojo, kongosho lililovimba, sindano zilizorukwa, au paka tu aliyeacha kula kwa sababu amehamishwa nyumba. Ndiyo maana mtu anayetazama sukari peke yake anaweza kupitwa.

Ilikuwa mkesha wa Idi, nyumba inanuka mahamri na pilau, wageni wanapishana. Karani alilala chini ya kitanda. Asubuhi alikula nusu. Jioni hakula kabisa, hata kuku. Alitapika maji ya njano. Nikapima sukari: 16. Kwa Karani 16 haikuwa namba ya kutisha. Shangazi akasema, "Sukari yake si mbaya, mwanangu, muache apumzike, ni kelele za watu." Ni maneno yenye busara kabisa, na siku nyingine yangekuwa kweli. Lakini agizo la daktari lilikuwa limeandikwa kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu: asipokula, pima mkojo.

Kupima mkojo wa paka kuna aibu yake. Unamvizia anapochutama, unasukuma upawa wa mpini mrefu chini ya mkia, unajifanya hutazami. Unachovya karatasi, unahesabu sekunde 15 kama kichupa kinavyoelekeza, unalinganisha na rangi zilizochorwa ubavuni. Rangi salama ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Halafu waridi, halafu rangi ya zambarau iliyoiva. Ile yetu ilipita waridi kabla sijafika kumi.

Kliniki niliyoipigia kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, iliniambia nisimchome mpaka ale, halafu nimlete baada ya sikukuu. Ushauri ule ni wa nusu ya ugonjwa. Kwa paka asiyekula na asiye na ketoni, dozi hupunguzwa au husimamishwa kwa kumuuliza daktari, kwa hofu ya kushuka. Kwa mwenye ketoni, kukosa insulini ndiko kunakommaliza. Anahitaji insulini na anahitaji chakula au sukari ya dripu kwa pamoja, na hizo mbili huwezi kuzisawazisha jikoni. Nikampigia daktari wetu. Alikuwa kwao, nasikia watoto nyuma yake. Akauliza mambo matatu: anakula, anatapika, rangi gani. Nilipotaja rangi akasema, "Mama, usingoje kesho. Nakutangulia kliniki."

Alimpima ketoni kwa tone la damu, kwa mashine ndogo inayofanana na ya sukari. Kwa paka mzima namba hiyo hukaa chini ya 0.5. Ya Karani ilikuwa juu ya 4. Akatiwa dripu ya maji na chumvi, kisha potasiamu, kisha ndipo insulini ya haraka kwa kiasi kidogo kidogo. Nilidhani insulini ingekuwa ya kwanza. Kumbe ukimkimbizia insulini mnyama aliyekauka, potasiamu iliyobaki kwenye damu inakimbilia ndani ya chembe pamoja na sukari, na moyo unaweza kusimama. Nimesikia watu wakisema watampigia paka wao insulini zaidi nyumbani hadi ketoni ziishe. Hilo silo la nyumbani. La nyumbani ni kuziona mapema.

Chanzo kilikuwa kongosho lililovimba. Alilazwa siku kadhaa, akalishwa kwa mpira mwembamba uliopitishwa puani, nasi tukila Idi kwa zamu. Aliporudi daktari alinionya jambo lingine ambalo lingenitia wazimu kama nisingeambiwa. Karatasi za mkojo huiona hasa asetoasetati, aina moja ya ketoni, na haziioni ile iliyo nyingi zaidi wakati wa hatari, ambayo mashine ya damu ndiyo huipima. Mgonjwa akianza kupona ile isiyoonekana hugeuka kuwa inayoonekana. Kwa hiyo karatasi inaweza kukolea zambarau huku paka anasimama, anakula, anajilamba. Ukiamini karatasi unamrudisha kliniki analia. Kwa sababu hiyo hiyo karatasi iliyopauka haimaanishi salama kabisa kwa paka aliyelegea. Tulinunua mashine ya damu. Vijikaratasi vyake vina bei, havipotezwi kila siku. Ni vya siku ya mashaka. Maagizo tuliyopewa ya Karani ni mafupi: ikivuka 1 piga simu, ikivuka 2 usipige simu, njoo. Paka mwingine na daktari mwingine watakuwa na yao.

Somo hilo la kutazama ketoni limezidi kuwa zito kwa sababu ya dawa mpya. Tangu mwisho wa mwaka 2022 Marekani imeruhusu dawa ya kumeza kwa paka wenye kisukari, beksagliflozini, na mwaka uliofuata velagliflozini. Zinafanya kazi kwenye figo: zinaifukuza sukari itoke kwa mkojo, na sindano hakuna. Ni neema kwa wengi wanaoogopa kuchoma. Lakini paka ambaye kongosho lake halitoi tena insulini ya kutosha anaweza kumeza dawa hiyo, sukari ikasomeka nzuri kabisa, na ketoni zikampanda chini chini mpaka zimwangushe. Ndiyo maana haziandikiwi paka aliyekwisha kutibiwa kwa insulini, na wanaoandikiwa wanatakiwa kuchunguzwa ketoni hasa wiki za mwanzo. Mpwa wangu alinitumia habari zake kwa furaha. Nikamjibu kwamba Karani ameshachelewa, na kwamba asinunue kitu.

Joto na kukatika kwa stima vilinihangaisha mwanzoni kuliko ilivyostahili. Chupa zisizofunguliwa zinakaa mlango wa friji, mbali na barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda imekwisha kazi hata ikiyeyuka. Inayotumika hustahimili zaidi kuliko tulivyokuwa tukiambiwa. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walilipima jambo hilo wakifuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapa hapa Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha insulini za binadamu walizozipima zilidumu wiki nne bila kupoteza nguvu yake. Utafiti ule ulifanywa kwa ajili ya watu ambao hawana friji kabisa. Mimi mwenye friji na mtungi wa maji barazani sina la kulalamikia.

Chakula ni habari ndefu ambayo naifupisha. Paka ni mla nyama hasa; wanga haumfai kitu, na biskuti kavu za paka nyingi zimejaa wanga. Tulimhamishia kwenye chakula cha kopo na kuku wa kuchemsha pasi na chumvi, samaki kidogo. Mahitaji yake ya insulini yakashuka, na hili linatakiwa lisemwe kwa sauti: ukibadilisha chakula bila kupima damu, dozi ya jana inaweza kumwangusha leo. Wapo paka ambao kwa chakula hicho na insulini ya mapema huacha kabisa kuhitaji sindano. Karani si mmoja wao. Yuko kwenye yuniti mbili, anatembea kwa vidole tena, amerudi kulalia karatasi.

Kuhusu gharama, sina mahubiri. Dripu za sikukuu ile zilikula pesa iliyotengwa kwa paa. Nimeona wenye mapenzi na paka wao wakaamua alazwe usingizi wa mwisho kwa sababu nyumba ina karo za watoto, au hakuna anayekaa nyumbani asubuhi na jioni. Siwalaumu. Uamuzi huo uliofanywa mapema na daktari ni wa heshima kuliko paka anayechomwa wiki hii na kusahauliwa wiki ijayo. Ninaowalaumu ni wanaouza chupa ya insulini na bomba, wakamwacha mtu aende zake bila kumtajia ketoni hata mara moja.

Kwa hiyo wewe mwenye paka wa sukari, nunua karatasi za ketoni kabla ya siku ya kuzihitaji, tazama tarehe yake, na ufunge kifuniko barabara, maana unyevu wa pwani unaziharibu upesi. Bandika namba ya daktari anayepokea simu usiku juu ya friji, kila mtu wa nyumba aione. Na paka akigoma kula, pima vyote viwili, sukari na ketoni. Sukari ikisomeka nzuri isikulaze.